Nimepata uraia wa Uingereza na ninajivunia. Baba anakuja Juni, niongee naye vipi?

Mama Imani, Leicester

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naomba ushauri, na naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunijibu.

Mimi ni mzaliwa wa Muheza, Tanga. Kwa sasa naishi Leicester, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Mwezi uliopita niliapa, nikawa raia wa Uingereza. Cheti nimekitia fremu, kiko sebuleni. Najivunia kwa moyo wangu wote, na hapo ndipo penye shida yangu.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, alifundisha enzi za Mwalimu Nyerere. Wimbo wa taifa ukipigwa redioni anasimama hata akiwa peke yake chumbani. Nilipompa habari kwa simu alisema "hongera", akanyamaza, halafu akaanza kuniuliza kama huku kuna mvua. Toka siku hiyo hajaligusa tena jambo hilo, ila kila tukiongea ananiuliza kama nalikumbuka shamba la michungwa. Juni anakuja kututembelea. Kaka yangu ameniambia nikishushe cheti ukutani na nisithubutu kutaja habari za Mfalme mbele ya mzee, maana atajua nimeukana ukoo.

Ngoja niwaeleze kwa nini kukishusha kunaniuma. Binti yangu Imani alizaliwa njiti, wiki ya 28. Alikuwa mdogo kiasi kwamba pete ya baba yake ingepita mkononi mwake hadi begani. Alilazwa wodi ya watoto njiti wiki nyingi. Kulikuwa na nesi Mfilipino, mwingine wa Kerala kule India, mwingine wa Ireland, na dada mmoja wa Zimbabwe. Pale kitandani waliweka daftari. Usiku nikienda kulala, nesi wa zamu anaandika humo kama vile mtoto ndiye anayeongea: "Mama, leo nimeongeza gramu 20. Nimelia kidogo walipobadilisha mpira wa pua, lakini nimelala vizuri." Asubuhi nikifika, kabla sijavua koti nasoma daftari. Kofia alizovaa zilisukwa na vibibi wa mtaani ambao hatukuwahi kuonana nao, wanasuka na kuleta hospitali bure. Najua sisi wahamiaji tunalipa ada ya afya pamoja na viza, na kodi nakatwa kila mwezi. Lakini hakuna aliyesimama mlangoni akaniuliza hela kwanza ndipo mtoto aguswe. Mdogo wangu wa tumbo moja alipoteza mtoto njiti kwa kukosa mashine, kwa hiyo najua ninachokisema.

Baadaye nilipokuwa najisomea ule mtihani wa maswali 24 wa kuombea uraia, nikakutana na Aneurin Bevan, yule waziri aliyeanzisha huduma ya afya ya taifa tarehe 5 Julai 1948. Kumbe aliacha shule akiwa na miaka 13 akaingia kwenye machimbo ya makaa ya mawe huko Wales. Kwao Tredegar wachimbaji walikuwa wakichanga kidogo kidogo kutoka kwenye mishahara ili mwenzao akiugua atibiwe, na yeye akataka taifa zima lifanye vile. Nilisoma hayo jikoni nikalia, maana mwanangu amepona kwa mchango wa watu wale.

Na kuna uchaguzi wa Julai 2024. Nilipiga kura nikiwa bado na pasi ya Tanzania, maana mtu wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anaruhusiwa, na ile pasi ndiyo niliyoonyesha kama kitambulisho. Kesho yake mchana Rishi Sunak, waziri mkuu wa wakati huo, ambaye mama yake alizaliwa Tanganyika na baba yake Kenya, akatoka namba 10, makao ya waziri mkuu, akampisha aliyemshinda. Mtaani kwetu watu walikwenda kazini kama kawaida.

Sasa nauliza. Nikifiche cheti? Na kama sikifichi, niseme nini kwa mzee aelewe kwamba sijamtupa? Nawasilisha.

Msafiri wa Likoni

Hongera sana dada, na Mungu amkuze Imani. Sisi Wakenya katiba ya 2010 imeturuhusu uraia pacha, kwa hiyo mama yangu nilimwonyesha pasi zote mbili akafurahi tu. Kwenu sheria ni tofauti, ukichukua uraia wa nje ukiwa mtu mzima, ule wa kwenu unaondoka. Mzee wako analijua hilo. Usimwone amenyamaza ukadhani ana chuki.

Mjukuu wa Nyeri

Dada yangu, nitasema ukweli wangu kwa heshima. Shukrani naielewa na nakuunga mkono. Fahari ndiyo inanikwama kooni.

Nyanya yangu alifungiwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza kwenye kijiji chenye mahandaki na miti iliyochongwa, miaka ya hamsini, pamoja na kina mama wengi wa Kikuyu. Pale kambi ya Hola, Kenya, Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa, na taarifa ya kwanza ikasema walikufa kwa sababu ya maji waliyokunywa. Haya yalifanywa kwa jina la nchi hiyo hiyo unayoisifu. Nami naishi Luton, nalipa kodi, watoto wangu wanasoma vizuri, majirani zangu ni watu wema. Nawashukuru. Lakini kusema "najivunia kuwa Mwingereza" ni kana kwamba nachukua sifa na kuliacha deni. Baba yako alizaliwa chini ya bendera ile, akaiona ikishushwa 1961. Fikiria hilo kabla hujakaa naye.

Bi Mkubwa, Coventry

Mwanangu Mama Imani, hongera. Nami ni mtu wa Unguja, nimezeekea huku.

Kwanza nimjibu huyu kijana wa Nyeri, maana amesema jambo zito na halistahili kupitwa. Wazee wa Mau Mau walifungua kesi wapi? London, Mahakama Kuu. Serikali ya Uingereza ilipinga, ikasema muda umepita mno. Oktoba 2012 jaji akasema hapana, wazee hawa wasikilizwe. Yale majalada ya enzi za ukoloni yaliyofichwa miaka yote huko Hanslope Park, ghala la serikali hapa Uingereza, nayo yakatolewa. Juni 2013 waziri William Hague akasimama bungeni akakiri kwamba Wakenya waliteswa, na wazee 5,228 wakakubaliwa kulipwa, jumla pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi. Ni kidogo ukigawanya, na kilichelewa, wengi walikuwa wameshakufa. Sisemi deni limekwisha. Nasema waliolidai hilo deni, mawakili na wanahistoria waliokaa na makaratasi miaka, wengi wao walikuwa Waingereza, na walilidai kwa sheria za nchi yao. Mimi najivunia kuwa upande wao. Fahari yangu haiko kwa mlinzi wa kambi, iko kwa aliyemshtaki.

Sasa nikurudie wewe. Uko Leicester, basi umekaa juu ya hazina. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke, na kiasi cha watu 28,000 wakaja Uingereza. Halmashauri ya mji wa Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasiende mji ule, eti nyumba na shule zimejaa. Wakaenda. Walianza viwandani na kwenye maduka madogo, na leo mji wenyewe unajitangaza kwa Belgrave Road, mtaa wa maduka ya Wahindi, na taa za sikukuu yao ya Diwali. Mpeleke baba pale siku ya Jumamosi. Mwingize duka la viungo, na akimkuta mzee wa Jinja au Kampala nyuma ya kaunta amsalimie kwa Kiswahili. Waache waongee, usiwaingilie. Mwalimu mstaafu hapendi kuhubiriwa, anapenda kuuliza maswali mwenyewe.

Cheti usikishushe. Atakapojua kilikuwepo na umekificha, hapo ndipo atakapoumia. Lakini usianze nacho. Anza na daftari la hospitali. Si unalo bado? Baba yako anasoma Kiingereza, mpe mkononi aketi nalo, wewe nenda jikoni kapike.

Karani Mstaafu, Dar

Mama Imani, wengine wameongea ya moyoni, mimi niongee ya makaratasi, maana nahisi hapo pia pana jibu. Unasema mzee kila mara anataja shamba la michungwa. Hiyo si porojo. Kwa sheria yetu asiye raia hamiliki ardhi Tanzania kama anavyomiliki raia, na mtu wa makamo ya baba yako analijua hilo vizuri. Inawezekana kabisa hana neno na fahari yako. Anawaza: nikifa, huyu binti sehemu yake itakuwaje? Atarudi kama nani, mgeni?

Kwa hiyo kabla ya Juni fanya mambo mawili. Serikali imeweka hadhi maalum kwa watu wenye asili ya Tanzania walio na uraia wa nje, basi uliza ubalozini London masharti yake na inakupa haki gani kwenye ardhi. La pili, ongea na kaka zako kuhusu shamba, mkubaliane linasimama kwa jina la nani na wewe utalichangia vipi. Mzee akifika umweleze mpango, si hisia peke yake.

Mjukuu wa Nyeri

Bi Mkubwa shikamoo. Nimekusoma mara mbili. Nyanya yangu alifariki kabla ya 2013, kwa hiyo hakupata hata shilingi wala pole. Siwezi kusema najivunia, bado. Lakini hilo la kujivunia walioshtaki sikuwa nimelifikiria, na nitawasimulia wanangu kesi ile, wao wamezaliwa hapa na wanaiita nchi yao.

Mama Imani, mzee akikuuliza habari za ukoloni usiruke. Mwambie unayajua, na umeapa ukiyajua. Nadhani atakuheshimu zaidi.

Mama Imani, Leicester

Nimewasoma wote, wengine nimewajibu kwa sala. Karani, umenigusa pale nilipokuwa sipaoni. Nimempigia kaka jana usiku, tukaongea kwa mara ya kwanza habari ya shamba bila kugombana. Amekubali lisimame kwa jina lake na la mdogo wetu, nami nitagharamia miche mipya na mtu wa kupalilia. Amesema mwenyewe atamtangulizia mzee habari hiyo.

Mjukuu wa Nyeri, asante kwa kusema wazi. Siku ya kiapo mwakilishi wa Mfalme alitupa mkono mmoja mmoja. Mbele yangu alikuwa Msomali, nyuma mama wa Poland na mumewe. Tulichagua wenyewe kuapa kwa Mungu au kuahidi tu. Nikaapa kwa Mungu, kwamba nitakuwa mtiifu kwa Mfalme na kuheshimu haki na uhuru wa nchi hii. Hakuna aliyenitaka nimkane baba yangu, wala nyanya yako. Nilipotamka neno "haki" nililimaanisha, na hata nchi hii ikilisahau nitaikumbusha, sasa ni kazi yangu kama raia.

Bi Mkubwa, daftari ninalo, liko kabatini na kofia mbili. Nitafanya ulivyosema. Cheti kinabaki.

Karani, swali la mwisho. Desemba nataka kumleta Imani Muheza. Nitahitaji viza? Na pasi yangu ya zamani niifanye nini?

Karani Mstaafu, Dar

Ndiyo, viza unahitaji, wewe na mtoto kama naye anasafiria pasi ya Uingereza. Omba mtandaoni kwenye tovuti ya Uhamiaji mapema, usisubiri uwanja wa ndege. Viza ya kawaida kwa Mwingereza ni dola 50 kila mtu. Pasi ya Tanzania usiitumie tena kusafiria, irudishe ubalozini ukiambatanisha nakala ya cheti cha uraia, na uombe barua ya kupokelewa. Cheti chako cha kuzaliwa cha Muheza kitunze vizuri, ndicho kitakachothibitisha asili yako utakapoomba hadhi maalum. Kama kimechakaa, mwambie kaka aombe nakala mpya RITA, wakala wa vizazi na vifo, sasa, mzee aje nayo Juni.