Kwa nini magari ya mwendo tofauti hushindanishwa pamoja Le Mans?

Mkaazi wa Shella, Malindi

Assalamu alaykum wanabaraza. Mwezi wa Juni 2025 jirani yangu, mzee wa Kiitaliano aliyehamia Malindi tangu mimi niko shule ya msingi, alinialika tutazame mbio za saa 24 za Le Mans, kule Ufaransa. Zilianza Jumamosi saa kumi na moja jioni kwa saa zetu, zikaisha Jumapili saa iyo hiyo. Kila lilipopita gari la njano nambari 83, mzee aliinuka kitini, na liliposhinda alilia. Hilo nalielewa, kwa kuwa ni Ferrari, gari la kwao Italia.

Nisilolielewa ni mpango wenyewe. Magari yalikuwa 62; mengine bapa kama samaki taa aliyelala mchangani, mengine yakifanana na yale ambayo matajiri huendesha barabarani. Mwishoni niliona timu moja ikikumbatiana kwa furaha ilhali gari lake lilikuwa nyuma ya mshindi kwa zaidi ya mizunguko 40. Walikuwa wakisherehekea nini? Na je, ni haki kumweka mwenye mwendo wa pole mbele ya mwenye kasi, tena usiku?

Fundi wa Barani, Malindi

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Timu ile ilikuwa imeshinda mbio zake. Barabara ni moja, lakini mashindano ni matatu. Juu kabisa kuna daraja la Hypercar, ambalo lina magari ya viwanda vikubwa yaliyoundwa kwa mbio tu. Linafuatwa na LMP2, ambamo timu zote hutumia gari la aina moja, Oreca 07, lenye injini ya Gibson ya silinda nane, ili dereva na mafundi ndio wapimwe. Kisha kuna LMGT3, magari yaliyotokana na yale ya barabarani, na humo kila kundi la madereva watatu ni lazima liwe na mmoja ambaye si dereva wa kulipwa kwa kazi hiyo, mara nyingi mfanyabiashara anayelipia sehemu kubwa ya gharama. Kila daraja lina mshindi wake na jukwaa lake.

Swali lako la haki ndilo lenye uzito, na mimi naliona kinyume na wengi: kupishana si kero iliyoingia katika mbio hizi kwa bahati mbaya, bali ndiyo mbio zenyewe. Mzunguko wa Le Mans una urefu wa kilomita 13.626, na Hypercar huumaliza takriban nusu dakika mapema kuliko gari la LMGT3. Maana yake ni kwamba kila baada ya mizunguko saba au minane hulikuta tena gari lile lile. Zidisha kwa magari 24 ya daraja hilo, ongeza yale ya LMP2, utaona kwamba dereva wa mbele hana mzunguko hata mmoja wa kupumua. Mwaka 2011 Audi ilileta magari matatu. Mawili yaliharibika vibaya baada ya kugusana na magari ya daraja la chini yalipokuwa yakiyapita, la kwanza mchana na la pili usiku. Lile la tatu lilishinda kwa sekunde zisizotimia 14, baada ya saa 24 za kukimbizana.

Nikijaribu gari la mteja usiku, nikitoka Malindi kuelekea Gede, tuktuk inayokwenda polepole hainitishi, maadamu inashika njia yake. Inayonitisha ni ile inayoona taa zangu kwenye kioo, ikababaika, ikavutia kushoto kisha ikarudi kulia. Le Mans ni vivyo hivyo. Dereva wa LMGT3 hatakiwi kukimbilia pembeni. Hushika mstari wake, na anayekuja kwa kasi ndiye atafute pa kupita.

Nahodha wa Mkomani, Lamu

Fundi amesema kweli, ila ameusahau upepo. Sisi katika mashindano ya mashua, chombo kikubwa kikitupita upande wa goshini, yaani upande unakotoka upepo, tanga letu hunywea ghafla na mashua huwa kama imetia nanga. Magari haya nayo hukandamizwa chini na upepo unaopita juu na chini ya bodi. Gari likifika mgongoni mwa jingine ndani ya kona, upepo ule huwa umekwisha vurugwa na aliyetangulia, na magurudumu ya mbele hupoteza mshiko. Ndiyo sababu dereva mzoefu huvuta subira kona mbili, akapita mahali palipo wazi, kuliko kulazimisha.

Mwalimu wa Maweni, Malindi

Nawashukuru nyote wawili. Mimi lanikera jambo jingine. Katika daraja la juu, waandalizi hubadilisha uzito na nguvu za gari la kila kiwanda ili yasipitane mno. Aliyeunda gari bora kwa jasho lake huongezewa mzigo. Je, huo ni ushindani?

Fundi wa Barani, Malindi

Mwalimu, hata mimi roho yangu haikutulia kabisa juu ya hilo. Lakini kumbuka hali ilivyokuwa. Audi iliondoka mwishoni mwa 2016, Porsche ikafuata mwishoni mwa 2017, huku gharama zikiwa hazishikiki. Toyota ikabaki peke yake na magari yake ya mseto wa petroli na umeme. Mwaka 2025 daraja hilo lilikuwa na viwanda vinane, na Ferrari ile ya njano iliitangulia Porsche kwa sekunde zipatazo 14 tu. Naukubali mzigo huo kuliko kutazama kiwanda kimoja kikishindana na kivuli chake.

Mkaazi wa Shella, Malindi

Sasa nimeelewa, na nitamweleza mzee kwa nini yale ya nyuma nayo yanafaa kutazamwa. Nina swali la mwisho: je, gari la daraja la chini limewahi kukaribia kuyashinda yote?

Fundi wa Barani, Malindi

Limewahi, mwaka 2017. Magari ya Toyota yalipata hitilafu na ajali usiku, na Porsche moja ilikuwa imekwisha poteza zaidi ya saa nzima ikitengenezwa tangu Jumamosi. Porsche ya pili, iliyokuwa ikiongoza, ilizimika Jumapili asubuhi. Hapo Oreca nambari 38 ya LMP2, ikiendeshwa na Ho-Pin Tung, Oliver Jarvis na Thomas Laurent, ikashika nafasi ya kwanza kati ya magari yote. Ile Porsche iliyokuwa imetengenezwa ilianza kuifukuza, ikipunguza sekunde kadhaa kila mzunguko, na ikaipita ikiwa imebaki saa moja na dakika chache. Nambari 38 ilimaliza ya pili kwa jumla na ya kwanza katika daraja lake.