Uzi maalumu: waliopunguza au kuacha wanga, tupeane uzoefu (hasa mnaotumia dawa za kisukari)

BintiKilosa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Mada ya kuacha wanga imerudi kwa kishindo. Tangu Marekani itoe mwongozo wake mpya wa chakula Januari 2026, ule unaosisitiza protini kwenye kila mlo na kusema wapo wenye maradhi sugu wanaoweza kupata nafuu wakipunguza wanga, magrupu ya WhatsApp ya ukoo wetu hayalali. Picha za mayai na parachichi asubuhi mpaka usiku. Hilo halina shida. Shida ni wale wanaoandika chini yake "acha ugali leo, kesho utatupa dawa." Wakiandika hivyo roho inaniuma, kwa sababu nilishawahi kuwa mimi huyo, na aliyelipa ni baba yangu.

Mzee ana miaka 66, mstaafu wa reli. Kisukari aina ya pili kiligundulika 2021. Alikuwa anatumia glibenklamaidi asubuhi na jioni, pamoja na metformini. Nilikwenda likizo nyumbani nikiwa nimesoma kila kitu mtandaoni kuhusu keto (mlo wa kuacha wanga karibu wote), isipokuwa habari za dawa. Siku niliyofika nikaondoa uji, ugali, wali, viazi, ndizi za kupika, vyote kwa mkupuo mmoja. Asubuhi mayai na mchicha wa karanga, mchana samaki na bamia, jioni supu ya kuku na parachichi. Mzee hakubishana. Ila kila akimaliza sahani alikuwa anatazama mlango wa jikoni, kama mtu anayesubiri chakula chenyewe kiletwe.

Vidonge nilimpa vilevile, kwa dozi ileile.

Alfajiri ya siku ya nne mama akanigongea dirisha. Nilimkuta baba amekaa ukingoni mwa kitanda, fulana imelowa jasho, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la shangazi. Mashine ya kupima sukari ikasoma 2.3, chini mno. Tulimkorogea sukari kwenye maji, bado alikuwa anaweza kumeza, tukakodi bajaji tukamkimbiza hospitali. Akapona. Daktari aliponiuliza amekula nini siku hizo tatu, nilijibu kwa fahari kwamba nimemwachisha wanga. Akaniuliza, "Na hii dawa nani alikwambia uendelee nayo vilevile?"

Sijasimulia ili kuwatisha. Baada ya hapo alifutiwa glibenklamaidi, akabaki na metformini, na ugali ukarudi kwa kiasi cha ngumi moja mchana tu. Kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, HbA1c, kilikuwa asilimia 10.1. Miezi sita baadaye kilisoma 6.9. Kwa hiyo kupunguza wanga kulimsaidia sana baba yangu. Nilichokosea ni mpangilio: sahani ilibadilika kabla ya dozi.

Naomba kila anayechangia aseme: ulikuwa na tatizo gani, unatumia dawa gani, ulipunguza nini hasa, umekaa muda gani, na nini kilikushinda. Walioshindwa nao waandike, nawahitaji kuliko wote.

---

Tingo_Tunduma

Mimi sina kisukari, mimi ni uzito. Naendesha lori, Dar hadi Lubumbashi. Nilifika kilo 118, presha ikaanza kupanda. Kilichonimaliza ni soda. Foleni ya mpakani unaweza kukaa siku mbili, unakunywa tano kwa siku bila kuhesabu, na kila chupa ndogo ya kola ina zaidi ya gramu 30 za sukari. Zidisha mwenyewe.

Nikaacha soda, chipsi na chapati. Asubuhi supu ya mbuzi bila chapati, mchana nyama au samaki na mboga za majani, usiku mayai. Wiki ya kwanza zikatoka kilo 4, nikafurahi sana. Siku hizohizo kichwa kikawa kinagonga na miguu haina nguvu. Mzee mmoja mwenye duka la dawa akanielewesha kwamba mwili ukimaliza akiba yake ya wanga unatoa na maji mengi yaliyokuwa yamekaa pamoja nayo, na chumvi inatoka na maji. Kwa hiyo zile kilo 4 nyingi ni maji. Akaniambia nisiogope supu yenye chumvi kiasi siku za mwanzo, lakini nipime presha.

Miezi tisa nikafika 97. Sasa nipo 101 na nakula maharage na kiazi kitamu kimoja kimoja. Soda sijarudia. Ningeulizwa niache kitu kimoja tu maisha yangu yote, ningeacha hiyo.

---

Sista_Wodi3

BintiKilosa, asante kwa kuandika bila kuficha. Mimi ni muuguzi, miaka 14 kazini, na wagonjwa wa namna ya baba yako nimewapokea mikononi mwangu.

Niwafafanulie wasiojua. Glibenklamaidi na ndugu zake zinalisukuma kongosho litoe insulini, umekula hujala. Insulini ya kuchoma nayo haingoji uamue utakula nini. Kwa hiyo ukiondoa ugali, sukari inayoingia imepungua lakini kinachoishusha kiko palepale. Metformini ikiwa peke yake kwa kawaida haiangushi sukari namna hiyo, ndiyo maana daktari aliiacha.

Ziko dawa mpya ambazo majina yao yanaishia na "gliflozini". Hizi zinamwaga sukari kwenye mkojo. Anayetumia hizi akaingia keto kali anaweza kupata tindikali ya ketoni kwenye damu, na ubaya wake ni kwamba mashine ya kidole inaweza kuonyesha sukari ya kawaida. Ukiwa kwenye dawa hizo ukaanza kutapika, tumbo kuuma na kuhema haraka, usiseme "mbona sukari yangu ni 9," nenda hospitali.

Sukari ikiwa chini ya 4 na mgonjwa anameza: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15, ikiwa bado chini rudia, ikipanda mpe chakula. Kama amepoteza fahamu usimwekee chochote mdomoni. Nimeona mtu aliyemiminiwa asali akiwa hajitambui ikaingia kwenye mapafu.

Na wenye kisukari aina ya kwanza: insulini haiachwi. Haiachwi hata kama umeamua kula majani tu.

---

Ukwaju

Mie nilipata gauti (ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma) wiki ya tatu ya kuacha wanga. Nyama kila siku, maji kidogo. Kidole gumba cha mguu kilivimba hata shuka sikuweza kuivumilia. Wenye historia ya gauti kwenye familia muulize kwanza.

---

BiMvita

Salamu kutoka Mombasa. Kwetu asubuhi ni mahamri kwa mbaazi, mchana wali wa nazi, na Ramadhani ikiingia futari yote ni wanga: viazi vitamu, mihogo, tambi, ndizi mbivu, na juu yake vibibi. Nilikuwa na sukari ya mpakani, daktari akaniambia nina nafasi ya kugeuza mambo kabla ya vidonge.

Nilipunguza, wala sikuacha. Lakini nilifanya kosa la upande wa pili. Niliposikia mafuta si adui nikaanza samli kila pahali, nyama ya mafuta, tui zito kila mchuzi. Miezi minne sukari ikarudi vizuri, uzito umeshuka kilo 8, nimefurahi, kisha kipimo cha kolesteroli kikaja: ile mbaya imepanda sana. Daktari hakuniambia nirudi kwenye wali. Alinambia nibadili mafuta yenyewe. Nikarudi kwenye samaki, changu na tasi wa kuchoma, korosho kiganja kimoja, tui jepesi, samli ikabaki kwa sikukuu. Kipimo kilichofuata kikashuka.

Kilichokuwa kigumu ni meza. Mama mkwe alipoona sijagusa wali wake wiki nzima alidhani nimekasirishwa nyumbani kwake. Ilinibidi niketi naye jikoni nimweleze kwa upole. Siku hizi anapakua mwenyewe: wali vijiko viwili vya upawa, kachumbari tele, samaki mzima. "Mwanangu, huku ndiko kula kwako," ananambia.

---

Mzenji_Maskati

BiMvita umenigusa. Huku Omani huwezi kuingia nyumba ya mtu ukatoka bila kahawa, tende na halua. Kukataa ni kuvunja heshima. Ninachofanya nachukua tende moja na halua ncha ya kidole, nanyanyua kikombe, nadua, basi. Nilijaribu kuwa mkali wa asilimia mia, nikajikuta siendi kwa watu. Nikaona bora sukari ipande kidogo Ijumaa kuliko kukosa jamaa.

---

Ticha_Kasulu

Mimi ni miongoni mwa walioshindwa. Mke wangu ana kisukari, tukaamua nyumba nzima tufuate. Tuna watoto watano. Trei la mayai lilikuwa haliwezi kumaliza siku nne. Nyama kila siku kwa mshahara wa mwalimu ni ndoto. Mwezi wa pili tulikuwa na deni kwa muuza bucha, mwezi wa tatu tukarudi kwenye ugali wa zamani kwa hasira, mwingi kuliko mwanzo. Mke wangu alilia, alidhani ameshindwa kujizuia kumbe tulichoshindwa ni hesabu ya fedha.

Sasa tunafanya hivi: dagaa wa Kigoma, maharage, matembele, kabichi, na ugali wa dona anapimiwa kidogo. Watoto wanakula kama kawaida. Uji wa sukari tumeufuta kwake. Sukari ya asubuhi ilikuwa 13 au 14, sasa inacheza kwenye 7 na 8. Sijui kama hii inaitwa keto.

---

BintiKilosa

Ticha, haiitwi keto, na wala isikuumize. Keto kwa kawaida ni chini ya gramu 50 za wanga kwa siku, yaani sahani moja ya wali imeshaimaliza, kwa sababu kila gramu 100 za wali mweupe uliopikwa zina kama gramu 28. Ilianza kama tiba ya kifafa huko Mayo Clinic, Marekani, 1921. Haikutengenezwa kwa ajili ya familia ya watu saba Kasulu.

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotoka 2018, watu 609, mwaka mzima. Nusu walipunguza mafuta, nusu walipunguza wanga. Mwisho wa mwaka kundi moja lilikuwa limepungua wastani wa kilo 5.3, jingine 6.0, tofauti isiyo na maana kitaalamu. Makundi yote mawili yaliambiwa wapunguze sukari na unga mweupe na wale mboga nyingi. Hayo ndiyo mnayofanya nyumbani kwako.

---

Mfamasia_Mwz

Naongezea kwa Binti, maana watu wanachanganya habari. Ule utafiti wa Uingereza unaosambazwa kwamba karibu nusu ya wagonjwa "waliponywa kisukari na keto" unaitwa DiRECT, 2017. Kweli asilimia 46 walikaa bila dawa za kisukari na sukari yao nzuri baada ya mwaka. Lakini haikuwa keto. Walipewa supu na vinywaji maalumu, kalori kama 850 kwa siku kwa miezi 3 hadi 5, na dawa zao za kisukari zilisimamishwa na daktari siku ya kwanza. Ni kipande hicho cha mwisho ambacho hakisambazwi.

---

Chebet_K

Nasoma hapa kutoka Kitale nikiwa na wasiwasi. Mama yangu ana miaka 70, anadungwa insulini ile iliyochanganywa tayari, asubuhi na jioni. Ndugu yangu ametoka Nairobi Jumamosi amempa orodha: hakuna ugali, hakuna waru (viazi), hakuna githeri (mahindi na maharage), ni mayai, mala (maziwa ya mgando) na managu (mnavu) pekee. Amesema aanze leo. Mama anakaa na mjukuu wa miaka 11 tu usiku.

---

Sista_Wodi3

Chebet, asianze leo. Insulini hiyo ya kuchanganywa imepangwa ikutane na chakula chenye wanga kwa saa fulani, na ile ya jioni ndiyo inayofanya kazi watu wakiwa wamelala. Mpigie sasa hivi ale chakula chake cha kawaida. Halafu aende kliniki na daftari lake la vipimo, aseme "nataka kupunguza ugali, mnipangie dozi." Hakuna atakayemgombeza. Na mjukuu afundishwe sukari inawekwa wapi na jirani gani wa kugongewa.

---

Chebet_K

Nimempigia. Alikuwa ameshadunga, ameweka mayai mezani. Amepika ugali kidogo na managu, amekula nikiwa kwenye simu. Kipimo kabla ya kulala 7.8. Kliniki ni Jumatano, nitampeleka mimi mwenyewe. Mjukuu ameniambia sukari iko kwenye kopo la bluu juu ya kabati, nikamwambia alishushe chini.