Ushauri: Bosi anataka nimlete mcheza gemu studio, na mimi naona anaitwa kuchekwa

Sauti ya Jioni (mleta mada):
Habari za jioni wanajamvi. Siku ya tatu hii silali vizuri, naombeni mawazo.

Mimi ni mtangazaji msaidizi wa kipindi cha michezo kwenye redio moja hapa Dar. Mkataba sina, nalipwa kwa kipindi. Ijumaa ijayo mada ni "Wacheza gemu nao ni wanamichezo?" Nilipoisikia nilifurahi sana, maana huu mwaka wa pili napeleka wazo hilo na linarudishwa. Kumbe bosi ameipanga iwe kichekesho. Upande mmoja anakaa mcheza gemu peke yake, upande wa pili mchezaji wa zamani wa ligi kuu pamoja na kocha wa viungo. Dogo ataulizwa anakimbia kilomita ngapi, kisha ataambiwa apige pushapu hewani, watu wapige simu kuhesabu.

Kazi ya kumleta nimepewa mimi, na bosi nimeshamwambia mtu yupo. Je, nimpeleke, au nitafute sababu ya kuahirisha? Nikikataa, getini kuna vijana wanaililia nafasi yangu.

Mzee wa Chandimu:
Kijana, bosi wako yuko sahihi. Sisi tumecheza chandimu pekupeku, kucha zinang'oka, unafunga kitambaa unarudi uwanjani. Huo ndio mchezo. Kitinda mimba wangu tangu anunuliwe hiyo mashine hata ndoo ya maji hainui. Juzi nimeita mara nne, ananijibu "subiri dakika ya tisini baba".

Mama Wawili:
Mdogo wangu, kazi hazipatikani. Mimi niliacha kazi kwa hasira, meneja alinisema vibaya mbele ya wateja. Nilijua ndani ya mwezi nitapata nyingine. Leo nauza vitenge, na miaka miwili ya mwanzo nilikuwa nakopa mpaka nauli. Peleka huyo mtoto, mwezi uishe, maisha yaende.

Pedi_254:
Huku Nairobi hiyo dharau tunaijua. Lakini mwambie bosi wako kuhusu Sylvia Gathoni, yule QueenArrow wa Tekken, gemu ya kupigana. Timu ya nje ilimsajili mwaka 2018, na alikuwa bado anasoma sheria chuoni. Hakuna mtu alimuuliza anakimbia kilomita ngapi.

Bundi wa Tabata:
Wakuu, hii haijaanzia kwenye redio yenu. Septemba 2014 John Skipper, aliyekuwa rais wa ESPN, televisheni ya michezo kule Marekani, alisema hadharani kwamba gemu za mashindano si michezo bali ni mashindano tu, kama chesi na drafti, na kwamba yeye anataka michezo ya kweli. Mwezi uliofuata fainali ya dunia ya gemu ya League of Legends ikachezwa Seoul, kwenye uwanja uliojengwa kwa Kombe la Dunia la 2002, mbele ya watu kama 40,000. Aprili 2015 chaneli yao ya ESPN2 ikaonyesha fainali ya gemu ya vyuo vikuu, Berkeley wakawafunga Arizona State. Mtangazaji wao Colin Cowherd akasema redioni kuwa siku akilazimishwa kutangaza watu wanaocheza gemu, anaacha kazi. Januari 2016 ESPN haohao wakafungua dawati la gemu za mashindano. Novemba 2020 wakabana matumizi, wakalifunga.

Kinachoniuma ni hiki: wazee wa bao wanakaa kwenye benchi kutwa nzima, tunawaheshimu, tunawaita mafundi. Nani amewahi kumwambia fundi wa bao apige pushapu?

Fundi Simu:
Mleta mada, unasema mtu yupo. Ni nani? Unafahamiana naye vipi? Na yeye anajua anaitwa kuchekwa?

Sauti ya Jioni:
Ana miaka 19, amemaliza kidato cha sita, anasubiri chuo. Anacheza FC, ile gemu ya mpira, vizuri sana. Tunafahamiana vipi si hoja kubwa mkuu, naomba turudi kwenye swali.

Fundi Simu:
Hoja ni hiyohiyo. Umejibu umri, umeruka mengine mawili.

Sauti ya Jioni:
Sawa. Ni mdogo wangu. Baba mmoja, mama mmoja, naishi naye Temeke.

Hajui. Nimemwambia anaenda kuhojiwa. Nimeshampa hela ya saluni na shati nimemnunulia. Nisieleweke vibaya, nilifikiria kabla ya kufanya hivyo. Dogo anajua kujieleza, huenda akawashinda kwa hoja, na jina lake likisikika anaweza kupata mdhamini. Nikimwambia sasa nitamvunja moyo.

Wiki mbili zilizopita bosi alisema hewani kwamba wacheza gemu ni wavivu waliopewa rimoti. Sauti inayosikika ikicheka ni yangu. Dogo alikuwa nyumbani anasikiliza. Niliporudi hakuniuliza kitu, alinitengea chakula kama siku zote.

Mama Wawili:
Naomba nifute nilichosema. Damu yako? Mwambie leo hii.

Kijiti:
Wakuu, hii chai. Tena ya maziwa na iliki. Mwanzo alikuwa "mcheza gemu", akibanwa anakuwa "miaka 19", akibanwa tena mdogo wa tumbo moja. Ukurasa wa pili atakuwa yeye mwenyewe. Nani anampigia debe ndugu yake wa damu ili akachekwe?

Mzee wa Chandimu:
Hata mimi nilishaanza kunusa iliki.

Pedi_254:
Leteni vitumbua basi.

Sauti ya Jioni:
Sina cha kuwaonyesha bila kumtaja mtu. Nitawaambia ninachokiona hapa nilipokaa. Pedi ya dogo ya kuchezea gemu iko juu ya meza. Kile kijiti cha kushoto mpira wake ulishakatika, akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakivalisha na kukishona kwa uzi wa nailoni. Kidole gumba chake kina sugu palepale. Kwenye daftari la Jiografia ameandika kila goli alilofungwa tangu Januari: dakika, upande, beki gani alimtoa vibaya. Kwenye kibanda cha gemu wanacheza mechi kwa shilingi 500, na akifungwa haendi nyumbani mpaka aandike.

Nilikuwa namuuliza mwenyewe hilo daftari la kazi gani. Sasa hivi nimelisoma kurasa sita. Ndivyo kocha anavyofanya.

Kijiti:
Daftari limenikalisha. Endelea mkuu, samahani.

Fundi Simu:
Chai au si chai, dogo aambiwe. Mengine baadaye.

Bundi wa Tabata:
Akikubali kwenda, msiende mikono mitupu. Bebeni mashine. Mwombe bosi dakika sita tu, dogo acheze na huyo mchezaji wa zamani, na mtangazaji wenu wa mpira aitangaze mechi kama ya ligi. Watu wanaosikiliza redio mpira wanauona kwa mdomo wa mtangazaji. Pushapu zitasubiri.

Sauti ya Jioni:
Nimemwambia usiku huu. Yote, na kicheko changu. Alinyamaza muda mrefu, akawa anavuta uzi kwenye ile pedi. Kisha akasema, "Kaka, nitaenda. Ila nacheza na pedi yangu." Halafu akaniuliza yule mchezaji wa zamani anapenda kushambulia upande gani.

Bosi nimempigia. Amekubali hizo dakika sita, ila pushapu amesema zinabaki. Dogo anasema atazipiga, lakini baada ya mechi. Televisheni ya studio iko juu ukutani, na waya wetu ni wa mita moja na nusu. Kuna mwenye HDMI ndefu wa kuniazima mpaka Jumamosi?

Bundi wa Tabata:
Ninayo ya mita tano. Njoo PM nikuelekeze, Alhamisi nipo nyumbani baada ya saa kumi.