Nimealikwa harusi Longido: je, nivae mapambo haya ya Kimaasai?

Binti_Uluguru: Ndugu wanajamvi, naomba ushauri wenu. Mimi ni Mluguru, sijaolewa, na mwezi ujao nimealikwa Longido kwenye harusi ya rafiki yangu wa Kimaasai. Kwa kutaka kuiheshimu familia yake, nilinunua sokoni Arusha ukosi mpana wa shanga pamoja na jozi ya mapambo ya shaba yaliyosokotwa mfano wa konokono, ambayo muuzaji aliniambia kuwa ni hereni tu. Nilipomwonyesha mama yake rafiki yangu, aliyashika kwa muda mrefu, akanirudishia bila kusema neno. Ukimya ule unaninyima usingizi.

Yeyo_Kajiado: Mwanangu, kununua si kosa, lakini shaba hiyo usiivae. Inaitwa surutia, na kwetu ni alama ya mke na mama. Kijana akitahiriwa huvaa surutia ya mama yake katika siku za kupona, kabla hajawa moran, yaani kijana shujaa. Mimi nilizivua zangu kwa ajili ya kifunguamimba wangu, na tangu ziliporudi masikioni mwangu sijaweza kuziita mapambo. Msichana akitokea nazo harusini, wazee watauliza ni mke wa nani.

Fundi_Shanga: Nakubaliana na mama hapo juu. Ukosi uvae bila wasiwasi, kwa sababu wasichana huvaa kosi bapa za namna hiyo katika ngoma, na mabega yanapochezeshwa hupanda na kushuka kwa namna inayopendeza mno. Angalia tu usiwe na nyuzi ndefu zinazoning'inia hadi magotini, kwani hizo ni za bibi harusi. Kuhusu rangi, nyekundu husimamia ushujaa na umoja, nyeupe maziwa, buluu mbingu iletayo mvua, na kijani nyasi za mifugo; ila mpangilio wake hutofautiana kati ya makundi ya Wamaasai, yaani Wakisongo, Wapurko na wengineo, kwa hiyo mgeni hatahukumiwa kwa rangi.

Yeyo_Kajiado: Tena mrudie mama huyo, umwamkie vizuri, umwulize mwenyewe. Alinyamaza kwa kukustahi.

Binti_Uluguru: Nawashukuru sana. Nimempigia simu leo asubuhi. Amesema hakutaka kuniaibisha mbele ya watoto wake, ameniomba nimpelekee zile surutia azihifadhi, na ukosi atanivalisha kwa mikono yake siku ya harusi.