Tupeane uzoefu: wewe unayebeba kesi za watoto, ulibebwa na nani?

Mama Jalada (mleta mada)

Habari za jioni wapendwa.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika halmashauri moja ya Nyanda za Juu Kusini, mwaka wa 9 huu. Jumatatu ijayo napokea binti mgeni, ajira mpya, ndiyo kwanza katoka chuo. Barua yake ya kupangiwa kituo iko mezani kwangu tangu juzi, na kila nikiiangalia nakumbuka nilivyopokelewa mimi. Nilikabidhiwa ufunguo wa kabati, nikaonyeshwa majalada na choo kilipo, basi.

Wiki ya tatu, saa 8 usiku, mtendaji wa kijiji akapiga simu. Kichanga kimeokotwa shambani, ndani ya mfuko wa mbolea. Gari halikuwepo. Wenzangu mnajua bajeti yetu imo humohumo kwenye mpango wa afya wa halmashauri, kwa hiyo gari la kumfuata mtoto ndilo hilohilo linalosubiriwa na chanjo na wagonjwa wa rufaa. Nikapanda bodaboda, na baridi ile ya Juni. Pale zahanati muuguzi alikuwa peke yake na mama mwenye uchungu, hivyo kichanga nilikipakata mimi mpaka kunakucha. Kitovu kilikuwa kimefungwa kwa uzi mweusi wa kushonea nguo. Ule uzi hadi leo nauona.

Saa 2 asubuhi nilikuwa kwenye kikao, koti bado linanuka maziwa. Nikaulizwa takwimu za wazee waliopewa vitambulisho vya matibabu. Nikazitoa. Hakuna aliyeniuliza nimelalaje.

Mtoto alipona, akapelekwa kwa familia ya kuaminika, na wale watu wamemlea vizuri kweli. Mimi ndiye nilichelewa kupona. Jirani yangu alijifungua mwezi uleule, na kichanga chake kikianza kulia natoka nje, nasimama kwenye banda la kuku mpaka kinyamaze. Sikumwambia mtu, hata mume wangu, maana mambo ya kesi ni siri.

Aliyenishika mkono ni muuguzi mmoja mtu mzima, alikuwa amebakiza mwaka astaafu. Alinikuta kwenye ngazi za maabara, akakaa pembeni yangu, akasema, "Mwanangu, yule mtoto bado umembeba." Nililia palepale na sare yake ikalowa. Baada ya hapo kila Ijumaa alikuwa ananipitia ofisini dakika chache, ananiuliza wiki imekwendaje, mpaka alipostaafu.

Sasa naomba mnisimulie. Aliyekusaidia wewe alifanya nini hasa? Nataka niyaandike kabla ya Jumatatu. Majina ya watoto na vijiji tusiyataje jamani.

Kijana wa Mahakamani

Asante kwa uzi huu dada, umenigusa.

Mimi niko mjini, kesi zangu nyingi ni za mahakama ya watoto na za mashahidi watoto. Kesi ya kwanza ilikuwa ya binti wa miaka 9 aliyefanyiwa ukatili na mtu wa ukoo. Mnajua utaratibu tangu sheria ya ushahidi irekebishwe mwaka 2016: mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila kwanza aahidi mbele ya hakimu kwamba atasema ukweli na hatasema uongo. Kwenye karatasi ni jambo dogo. Sasa mweke mtoto pale, watu wazima wamekaa juu kuliko yeye, na mjomba wake yuko hatua nne mbele yake. Sauti inakauka.

Mkuu wangu wa wakati ule alikuwa mama mkimya. Siku mbili kabla, aliomba ruhusa kwa karani, akatupeleka mimi na yule binti kwenye chumba cha mahakama kikiwa kitupu. Binti akazunguka, akagusa meza, akakaa kwenye kiti cha shahidi akitikisa miguu. Akauliza hakimu anakaa wapi, akaonyeshwa. Akauliza choo kiko wapi, akaonyeshwa. Akacheka kidogo.

Binti aliporudishwa kwa mama yake, mkuu wangu akanirudisha mimi mle ndani. Akaniambia, "Na wewe kaa." Nikakaa. Akanionyesha nitasimama wapi nikiitwa kuisemea taarifa yangu ya uchunguzi wa kijamii. Akaniuliza maswali kama wakili wa upande wa pili, makali kabisa, mpaka nikatoka jasho, kisha akanionyesha taarifa yangu ilikuwa na matundu wapi. Kumbe nilikuwa nimeandika maneno ya jirani kana kwamba niliyashuhudia mwenyewe. Tulikaa mle karibu saa nzima.

Siku ya kesi alikuja akakaa benchi la nyuma. Hakusema neno, na gari halikuwepo, alikuja kwa daladala kwa nauli yake. Nimeshasimama mahakamani mara nyingi sana tangu siku ile, na bado nikiingia huwa naangalia lile benchi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mgeni wako ni huo: mara ya kwanza asiende peke yake. Awe na mtu benchi la nyuma.

Bi Shehia

Asalaam aleykum. Mie nipo Unguja, mshauri nasaha kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono. Kwetu daktari, polisi na sisi washauri tupo pahala pamoja ili mtoto asizungushwe kusimulia mara tano. Watu huzungumza faida yake kwa mtoto, na ni kweli, lakini na mfanyakazi naye hupumua. Huko nyuma mimi ndiye niliyekuwa nikimshika mtoto mkono kutoka ofisi hadi ofisi, nikisikia yaleyale kila mlango. Jioni kichwa hakina nafasi tena.

Tuna ada yetu ndogo. Kabla ya kufunga, tunakaa kitako watu watatu wanne, kila mmoja anataja kitu kimoja kilichombakia siku ile. Jina la mtoto halitajwi, wala shehia. Siku moja mwenzetu mmoja alisema tu, "Mimi leo nimebakiwa na ile kanga," na sote tukajua. Hakuna anayetoa ushauri. Mtu akishasema, anayefuata naye anasema, kisha tunafunga mlango.

Na jengine, simu. Mie nilikuwa nikipokea simu za masheha mpaka usiku wa manane, kila usiku. Tukapangiana zamu. Usiku usio wa zamu yangu simu ya kazi inalala ofisini. Wanangu wenyewe ndio waliofurahi zaidi.

Mhudumu wa Baiskeli

Mimi si afisa, ni mhudumu wa ngazi ya jamii, wa kujitolea. Nafuatilia kaya 23 zenye watoto walio kwenye mazingira hatarishi. Vocha najaza mwenyewe, na posho iliwahi kukaa miezi bila kuja. Aliyenishika ni afisa wa kata yetu, maana kila nikipeleka taarifa alikuwa ananipigia kuniambia imeishia wapi. "Yule mtoto uliyemleta amerudi shule." Sentensi moja tu. Kabla yake nilikuwa naona kama natumbukiza karatasi kisimani. Tafadhali mwambie huyo binti awarudishie majibu wahudumu wake.

Afande wa Dawati

Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, mwaka wa 6. Kwangu mimi ilikuwa mambo mawili. Mkuu wangu aliniruhusu kuvaa kiraia nikizungumza na mtoto, na alikataza mtu yeyote kufungua mlango nikiwa ndani na mtoto. Hapo awali ukifika tu pale mtoto anapokaribia kusema, mtu anagonga kuulizia PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, basi mtoto anafunga mdomo, unaanza upya kesho.

La pili, ofisa ustawi wetu ananipigia hata kama hakuna kesi. Huwezi kufanya kazi hii na mtu mnayejuana kwa barua tu.

Mlezi Mstaafu, Kilifi

Wanangu, nimewasoma nyote. Mimi nilikuwa mlezi katika makao ya watoto huku pwani ya Kenya kwa miaka 17. Nimeosha watoto, nimewatibu upele, nimewaketia usiku wakiwa na malaria. Mwaka 2022 serikali ilitoa mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kutoka makao hadi kwenye familia, na mwaka uohuo tukapata sheria mpya ya watoto. Nawaambia ukweli, mimi niliichukia hiyo habari. Niliona tunaambiwa kwamba kazi yetu yote ilikuwa makosa, na zaidi ya hapo kibarua kinaota nyasi.

Meneja wetu angeweza kutusomea barua na kutuaga. Yeye alituita walezi wote, mpishi na bawabu pia, akauliza, "Nani anamjua mtoto huyu vizuri zaidi?" akitaja mmoja mmoja. Kila mtoto alikuwa na mtu wake. Kisha akasema hao ndio watakaokwenda na afisa wa watoto kutafuta familia zao, maana ni sisi tuliojua huyu anaogopa mbwa, yule halali bila taa. Tukapata mafunzo, tukaingia barabarani.

Nakumbuka kijana mmoja wa miaka 11, tulimfikisha kwa nyanyake Ganze. Nyanya alikuwa na godoro moja na mbuzi wawili. Nikaogopa, nikataka kumrudisha. Yule mama akamshika kichwa, akamtafuta kovu nyuma ya sikio, akalipata. Akaketi chini palepale mchangani. Nilirudi kuwatembelea kila mwezi kwa mwaka mzima, na tulikuwa tumepangiwa nauli ya kufanya hivyo. Hiyo nauli ndiyo iliyonipa usingizi. Ningeachana naye pale mlangoni bila njia ya kurudi, nadhani ningeugua.

Kwa hivyo mwanangu, mkiwaza kumsaidia mfanyakazi, wazeni pia nauli ya kurudi.

Kalamu Nyeusi

Nimefurahi kusoma, lakini naomba niseme neno gumu kidogo. Hadithi zote hizi ni za mtu mwema aliyejitolea: muuguzi aliyepita Ijumaa, mkuu aliyepanda daladala kwa nauli yake. Watu hawa wakistaafu au wakihamishwa, kinabaki nini? Mimi nilikuwa peke yangu nahudumia kata 7. Kesi za matunzo, wazee, wenye ulemavu, watoto wa mtaani, kote ni mimi. Kila mwaka Machi, Jumanne ya tatu, tunaadhimisha siku ya ustawi wa jamii duniani, tunapewa fulana na hotuba, Jumatano narudi kwenye kata zangu 7. Niliacha kazi mwaka jana. Watu walinipenda sana pale, ila upendo hauwezi kuwa kwenye kata 7 kwa siku moja. Tudai ajira, na usimamizi wa kikazi uandikwe kwenye majukumu ya mkuu kama zilivyoandikwa taarifa za robo mwaka.

Bi Shehia

Kalamu, umesema kweli na pole sana. Ile zamu ya simu kwetu ilianza kwa wema wa watu, sasa imo kwenye ratiba iliyopigwa muhuri. Mkuu mpya aliyekuja baadaye ameikuta imo.

Mama Jalada (mleta mada)

Nimerudi. Poleni kwa kimya, wiki ilikuwa nzito.

Kalamu Nyeusi, maneno yako niliyachapa nikaenda nayo kwa mkuu wa divisheni. Amekubali mawili: Ijumaa saa 9 alasiri sisi wanne tunakaa saa moja na haipangiwi kikao kingine, na mgeni hatoki peke yake kwa miezi mitatu ya kwanza. Kuhusu mafuta ameniambia nilete andiko kabla bajeti ya mwaka kesho haijafungwa. Nimeanza kuliandika jana, na nauli ya kurudi nimeiweka, Mama wa Kilifi.

Binti aliripoti Jumatatu. Jumatano tulikwenda wote kijijini, mahakama inataka taarifa yetu kuhusu mtoto wa miaka 4 ambaye wazazi wameachana na kila mmoja anamtaka. Njiani alinikumbusha mwenyewe kuwa Sheria ya Ndoa inaanza na dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni heri akae na mama, na kwamba dhana hiyo inaweza kupingwa. Darasani alisoma vizuri. Tukaongea na baba, na bibi mzaa baba, na mwalimu wa chekechea. Mtoto alikuwa amekaa kwenye kigoda muda wote huo, hasemi.

Wakati wa kurudi nikamwomba bodaboda asimame kwa wauza mahindi ya kuchoma. Tukakaa kwenye gogo. Nikamuuliza kama Bi Shehia anavyofanya: leo umebakiwa na nini?

Akakaa kimya. Kisha akasema, "Viatu. Yule mtoto alikuwa ameshavaa viatu kabla hatujafika. Alidhani tumekuja kumchukua."

Mimi sikuwa nimeviona. Tulikaa pale mpaka mahindi yakapoa.