Baba amemchukua mtoto kwa bibi aliyemlea: bibi ana haki gani?

Mjomba wa Korogwe
Salaam, wanajukwaa. Dada yangu alifariki akiacha mtoto mchanga, na mama yetu ndiye aliyemlea hapa Korogwe hadi akafika darasa la pili. Juzi shemeji, ambaye ameshaoa tena, alikuja akamchukua na kuhamia naye Mwanza. Tangu hapo simu zetu hapokei, na mama hajamsikia mjukuu wake. Je, sheria inamtambua bibi, au yote yamo mikononi mwa baba?

Wakili Mstaafu
Mpe mama pole. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua: kifungu cha 37 kinampa ndugu anayemlea mtoto nafasi ya kuomba akae naye, na cha 38 kinamruhusu ndugu aliyekuwa akimlea, kabla malezi hayajakabidhiwa kwa mwingine, kuomba kuonana naye kwa vipindi. Ningeanza na hilo la pili. Baba yu hai, na kifungu cha 39 kinaona ni vyema mtoto akae na wazazi isipokuwa haki zake zinavunjwa mara kwa mara, kwa hiyo mama akitaka kumrudisha mtoto kabisa, mzigo wa ushahidi utamwelemea. Hata hivyo kifungu hichohicho kinaitaka mahakama izingatie mwendelezo wa malezi na maoni ya mtoto mwenyewe, na hapo mama ana hoja nzito.

Afisa Ustawi
Kabla ya kufungua shauri, fikeni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu. Chukueni fomu ya kumwandikisha mtoto shule, hasa ikiwa bibi ameandikwa humo kuwa mlezi, pamoja na kadi ya kliniki na barua ya mtendaji. Wengi huja na mashahidi wa ukoo tu, ambao upande wa pili huwapinga kwa urahisi.

Baba wa Wawili
Kwa heshima, mjomba, ukienda na kauli ya "mtoto ni wetu", shemeji atazidi kujifungia. Ombeni jambo linalopimika: likizo za Juni na Desemba, simu kila Jumapili, na nani atalipa nauli ya basi.

Mjomba wa Korogwe
Nashukuruni. Fomu ya shule ina jina la mama. Tuanzie ustawi wa Korogwe au wa Mwanza?

Afisa Ustawi
Anzeni hapo Korogwe, mkiiomba ofisi hiyo iwasiliane na wenzao wa Mwanza, anakoishi mtoto sasa.