Honda Beat ya 1992: mwenye nayo anieleze ukweli kabla sijatoa hela

Mpiga_Kona

Wakuu, habari za leo. Nimepata Honda Beat ya 1992, kile kijigari cha Kijapani cha viti viwili na paa la turubai, ya njano. Muuzaji anasema "injini haijawahi kufunguliwa", nami kwa umri huu nimejifunza kwamba kauli hiyo inaweza kuwa sifa au ikawa onyo. Gari la familia lipo, kwa hiyo hii itakuwa ya kwangu: kwenda kazini peke yangu, na kuzurura Jumapili.

Nina urefu wa sentimita 184. Nilipojikunja nikaingia, magoti yaligusana na usukani, lakini kichwa kilipata nafasi turubai likiwa limefungwa. Nauliza hivi: inavumilika kuiendesha kila siku? Nikague nini? Na je, kweli cc 660 zinaweza kumfurahisha mtu mzima? Mke wangu anasema nimeanza kuzeeka vibaya.

Tairi_la_Akiba

Mkuu, hicho ni kijigari cha kuchezea. Kilo 760! Wanaume wanne mnakinyanyua mnakihamishia kivulini. Siku lori litakapokupiga kumbo hapatabaki kitu cha kupeleka gereji. Hiyo hela nunua gari.

Bi_Gia

Mpiga_Kona, ninayo mwaka wa tisa sasa, nyekundu, ya 1991. Imeshanila hela, na siku moja ilinitoa machozi kando ya barabara kuu. Siiuzi.

Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu hayo mengine yanategemea hilo. Injini ni cc 656, silinda tatu, haina turbo. Nguvu zake ni farasi 64, lakini inazitoa zote ikifika mizunguko 8100 kwa dakika. Ukiiendesha kama gari la familia, ukabadili gia kwenye 2500, utaapa umeuziwa cherehani. Lazima uikamue. Kila silinda ina koo lake la hewa, kwa hiyo ukigusa mafuta inaitikia hapo hapo, haikuulizi mara mbili.

Njia yangu ya asubuhi ina kona moja ya kushoto inayopanda. Kwa gari la mume wangu pale ni gia ya tatu huku nawaza kazi. Kwa Beat naingia na gia ya pili, mguu umezama hadi kwenye zulia, sindano inapita 7000, injini inalia nyuma ya mgongo wangu kama nyuki waliochokozwa, naung'ang'ania usukani kama niko mashindanoni. Nikitupa jicho kwenye spidi: 60 kasoro. Basi la shule linanipita! Watoto wananipungia mkono. Sijavunja sheria yoyote na mapigo ya moyo yako juu. Gari kubwa lenye nguvu haliwezi kukupa hayo bila kukufikisha polisi au hospitali, na hapo ndipo mimi na Tairi_la_Akiba tunapoachana.

Ila kwenye ajali hajakosea, simbishii. Yangu haina eabegi wala ABS, ile inayozuia matairi yasigande ukikanyaga breki. Lori likisimama jirani yangu kwenye taa, nati za tairi lake ziko usawa wa macho yangu, nimeshazoea kuzihesabu. Urefu wa gari zima kwenda juu ni sentimita 117 na nusu. Kwa hiyo naendesha nikiamini kwamba hakuna anayeniona, kama mwendesha pikipiki. Usiponunua tabia hiyo pamoja na gari, usinunue gari.

Sasa ukaguzi. Mengi utaambiwa na fundi yeyote, mimi nakuambia yaliyoniuma.

Mwaka wa tatu ilianza kuzimika ikipata moto. Inakaa robo saa, inawaka, kilomita tano, inazimika tena. Fundi wa kwanza akabadilisha pampu ya mafuta. Wa pili akabadilisha plagi na waya zake, akanihakikishia kwa jina la mama yake. Siku ya machozi ndiyo ilikuwa kesho yake. Mwishowe nilimpata kijana anayetengeneza redio. Alilichomoa boksi la kompyuta ya injini, akafungua kifuniko, akaniinamishia: "Mama, nusa." Nikanusa. Shombo! Boksi la chuma linanuka kama deki ya mashua. Kapasita, vile vipipa vidogo vinavyohifadhi umeme kwenye bodi, zilikuwa zimevuja, na ule ute wake ukaanza kula njia za shaba kwenye bodi. Simlaumu aliyeitengeneza, vitu hivyo havikuundwa viishi miaka 30. Alizing'oa zote, akasafisha, akalehemu mpya, na tangu siku hiyo haijanizimikia. Kwa hiyo muulize muuzaji: kompyuta imeshafanyiwa kazi? Akishangaa swali, jibu umelipata. Washa switchi na utazame ile taa ya injini: iwake kidogo, kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameichomoa balbu.

La pili ni kutu. Pitia ule mkunjo wa bodi chini ya milango, kati ya tairi la mbele na la nyuma, halafu upinde juu ya matairi ya nyuma. Nenda na sumaku ndogo imefungwa kitambaa. Pasipovuta kuna puti, ile lipu ya kuziba mashimo ya bodi, na chini ya puti huwa kuna hadithi.

Matairi: mbele rimu ni 13, nyuma ni 14, hivyo hakuna kuyahamisha mbele na nyuma ili yalike sawa. Tanki ni lita 24. Buti linameza begi la mgongoni na koti, basi. Kiti hakirudi nyuma zaidi kwa sababu injini iko hapo hapo, kwa hiyo kwa urefu wako hakuna dawa ila viatu vya soli nyembamba. Mimi huacha jozi moja garini.

Koti_la_Mvua

Mimi ni wa Suzuki Cappuccino, injini mbele, tairi za nyuma ndizo zinazosukuma, na ina turbo. Niwaongezee tu kwamba hizo farasi 64 si bahati. Suzuki Alto Works ya 1987 ndiyo iliyofika hapo kwanza, kisha watengenezaji wa Japani wakaelewana kimya kimya wasipite. Ndiyo maana langu lenye turbo, Beat isiyo na turbo, na AZ-1 ya Mazda yenye milango ya kufunguka kwenda juu, zote zimeandikwa namba ile ile. Amini maandishi ukitaka.

Paa la Cappuccino ni vipande vitatu vinavyochomolewa na kulazwa kwenye buti, halafu buti limekwisha. Mvua ikikukuta, unasimama kando unaanza kupanga paa kama mtu anayeunganisha kabati. Wa Beat wao wanavuta turubai tu. Nawaonea wivu, ingawa siwaambii nikikutana nao.

Tairi_la_Akiba

Sawa, sawa. Lakini kwa nini watengeneze gari dogo hivyo makusudi?

Bi_Gia

Kwa sababu ya sheria ya kwao, mkuu. Japani wana daraja lake la magari madogo tangu 1949, kodi yake ni nafuu, na gari la mtu binafsi linavaa namba za njano. Beat ilipotoka 1991, kikomo kilikuwa cc 660, urefu mita 3.30, upana mita 1.40. Pima Beat: mita 3.295 kwa 1.395. Wahandisi walibakiza milimita 5 kwenye urefu na milimita 5 kwenye upana. Kila nikiifuta vumbi nafikiria kikao walichobishania hizo milimita. Kikomo kilipandishwa 1998 hadi mita 3.40 kwa 1.48, kwa hiyo hata hivi vijigari vya leo vikiegeshwa pembeni yangu vinaonekana vimenenepa.

Mpiga_Kona

Nimerudi, wakuu. Nilienda na sumaku, muuzaji akanitazama kama mganga. Upande wa kulia ni chuma kitupu. Upande wa kushoto, nyuma ya mlango, kuna puti ukubwa wa kiganja. Taa ya injini inawaka na kuzima vizuri. Niliuliza kuhusu kompyuta, akasema "kompyuta gani?" Mkanda wa taimingi, ule wa mpira unaooanisha vali na pistoni za injini, hana kumbukumbu yake. Nilimwandikia hayo yote kwenye karatasi moja, tukakaa, bei ikashuka kuliko nilivyotarajia.

Nikaijaribu. Nilibadili gia mapema kwa heshima, nikapata cherehani. Nikakumbuka maneno yako, dada, nikaiacha ipande. Muuzaji alishika mlango. Nimeichukua.

Bi_Gia

Hongera. Mkanda uubadilishe kabla ya kuanza kuikamua, hata kama kwa macho unaonekana mpya, maana mpira unazeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Kufika kwenye huo mkanda ni shida, injini imejificha, kwa hiyo fundi akishafungua mwambie abadilishe na pampu ya maji papo hapo, usilipe ufundi mara mbili. Kompyuta iende kwa mtu wa redio hata kama haijaanza kusumbua. Hilo puti likwangue mwezi huu huu ujue kilichomo.

Halafu tuwekee picha ya viti. Vya kwangu mistari ya pundamilia imefutika upande wote wa dereva, nimesahau hata ilikuwa inaelekea wapi, na kuna mshonaji anasubiri mfano.